Hitilafu za nyumba janja: kutoka dalili kwenye swichi hadi chanzo ndani ya ukuta

Mwenye nyumba mmoja wa Kigamboni alinunua swichi janja 18 na kuzihifadhi muda wote wa ujenzi, akisubiri siku ya kufunga vifaa vya mwisho. Siku hiyo ilipofika nilifungua boksi la kwanza sebuleni, nikavuta nyaya nje kwa vidole, nikakuta mbili tu, zote nyekundu: mmoja unaoleta umeme na mwingine unaoupeleka kwenye taa. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, haikuwepo. Nikafungua la jikoni, la korido na la chumba cha wazazi, hali ikawa ileile. Plasta ilikuwa imekauka, rangi ya pili imekwisha kupakwa, na swichi zote 18 zilikuwa za aina isiyofanya kazi bila nyutro.

Hitilafu nyingi za nyumba janja zina asili ya namna hiyo. Dalili huonekana kwenye taa, kwenye simu au kwenye geti, lakini chanzo kiliwekwa miezi mingi nyuma, siku mafundi walipokuwa wakitindua kuta na kulaza paipu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili, unarudi hadi kwenye chanzo, kisha unaeleza la kufanya katika nyumba iliyokwisha na la kuagiza katika nyumba ambayo kuta zake bado ziko wazi. Anayejenga sasa asome hasa sehemu za mwisho za kila dalili, kwa kuwa hapo gharama bado ni ndogo.

Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, nao unaua. Kufungua boksi la swichi, kupima nyaya zenye moto na kufanya marekebisho ndani ya meni swichi ni kazi za fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania Bara hutolewa na EWURA na kwa Kenya na EPRA. Mwenye nyumba anaweza kutazama, kuuliza, kuandika anachokiona na kubadili mipangilio kwenye simu, na hayo peke yake humfupishia fundi nusu ya kazi.

Boksi lina nyaya mbili na swichi janja haiwaki

Swichi ya kawaida hufunga na kufungua njia ya umeme tu. Yenyewe haili umeme. Swichi janja ni kompyuta ndogo yenye redio, nayo inahitaji kulishwa usiku na mchana, taa ikiwa imewashwa au imezimwa, hivyo umeme unaoingia ndani yake ni lazima upate njia ya kurudi, na njia hiyo ndiyo nyutro. Utaratibu wa wayaringi tulioupokea kutoka Uingereza hupeleka laivu, yaani waya wenye moto, na nyutro darini kwenye taa, kisha hushusha ukutani waya wa laivu na waya wa kurudi kwenye taa peke yake. Kwa swichi ya kawaida utaratibu huo hauna kosa lolote, na fundi aliyeufuata hakuharibu kazi. Hakuambiwa tu kwamba ukutani kutafungwa kifaa cha aina nyingine.

Kabla ya kukata shauri kwamba nyutro haipo, itafutwe kwa kupima. Rangi zisiaminiwe. Utaratibu wa zamani wa Uingereza ulitumia nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Ule mpya, ulioanza kutumika huko mwaka 2004, unatumia kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro, na katika umeme wa fezi tatu waya mweusi huwa ni mmojawapo wa zile zenye moto. Maduka yetu yanauza nyaya za taratibu zote mbili, na nyumba moja inaweza kuwa na roli za aina zote kwa sababu ile ya kwanza iliisha wikiendi. Testa ya bisibisi nayo haitoshi, kwa kuwa huonyesha waya wenye moto tu na haiwezi kutofautisha nyutro na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Hata multimita inahitaji uangalifu: ukipima kutoka laivu hadi nyutro utapata karibu volti 230, na ukipima kutoka laivu hadi ethi utapata karibu kiasi hichohicho. Njia ya uhakika ni fundi kuzima umeme, kuuchomoa waya unaoshukiwa kwenye baa ya nyutro ndani ya meni swichi, kisha kupima kama unaungana na ule ulioko kwenye boksi.

Ikithibitika kwamba nyutro haipo, njia tatu zinabaki. Ya kwanza, ambayo naipendelea kila inapowezekana, ni kuvuta waya mpya kupitia paipu iliyomo ukutani; kama ni paipu ya milimita 20 yenye nyaya mbili tu za milimita ya mraba 1.5, nafasi ipo, na waya wa zamani hutumika kuwavuta wapya. Ya pili ni kufunga kifaa kidogo cha kudhibiti taa darini, mahali ambapo laivu na nyutro zinapatikana, na kuiacha swichi ya ukutani itume amri tu. Ya tatu ni kununua swichi janja isiyohitaji nyutro, inayojilisha kwa kupitisha umeme kidogo sana ndani ya taa yenyewe, nayo ina matatizo yake yatakayoelezwa hapa chini.

Kwa anayejenga, agizo liandikwe kwenye mkataba na kwenye mchoro, lisiachwe kuwa neno la mdomo: kila boksi la swichi lishushiwe laivu, nyutro, ethi na waya wa taa. Nyumba ya vyumba vitatu yenye sehemu 20 za swichi, kila moja ikihitaji mita nne za nyutro kutoka darini, hutumia mita 80 za waya wa 1.5, yaani haimalizi roli ya mita 100. Naitaja hesabu hiyo kwa sababu wenye nyumba wengi hudhani wanaombwa jambo kubwa.

Taa inabaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, au inapepesa

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu usiku, na chanzo chake kinaweza kuwa kimoja kati ya vitatu. Njia fupi ya kuvitenganisha ni kuiondoa swichi janja kwa muda na kuweka ya kawaida. Mwanga ukipotea kabisa, chanzo ni swichi janja isiyo na nyutro: ule umeme kidogo inaojilisha nao unapita kwenye taa ya LED, na taa hizo zinahitaji kidogo mno ili zionyeshe dalili ya kuwaka. Dawa yake ni kapasita maalumu ambayo watengenezaji wa swichi hizo huuza pamoja nazo au kando, nayo hufungwa sambamba na taa, kule darini, wala si kwenye boksi la swichi. Mzigo mkubwa zaidi husaidia pia, kwa maana kwamba swichi inayodhibiti taa sita za dari la jipsamu inaweza kutulia ilhali ileile ikisumbua kwenye taa moja ya choo.

Mwanga ukibaki hata kwa swichi ya kawaida, chunguza kama taa hiyo inaendeshwa na swichi mbili, mpangilio ambao mafundi huuita tuwei, kama ule wa ngazi. Nyaya ndefu zinazokwenda sambamba ndani ya paipu moja huambukizana umeme kidogo hata kama hazigusani, na LED huonyesha. Kapasita ileile hutibu hali hii.

Chanzo cha tatu ndicho kibaya. Fundi anaweza kuwa amekosea akaipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Taa itazimika na kuwaka kama kawaida, lakini hata ikiwa imezimwa, holda yake ina moto, na anayebadilisha globu huku akiamini swichi imezimwa yuko hatarini. Swichi ikizimwa na testa bado ikawaka kwenye holda, kazi nyingine zote zisimame hadi kosa hilo lirekebishwe, kwa sababu hakuna kapasita ya kutibu hatari hiyo.

Umeme unakatika wenyewe kwenye meni swichi, bila mpangilio unaoeleweka

Meni swichi za nyumba nyingi mpya zina kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, au hata pungufu kidogo, hukata mara moja. Kifaa hicho huokoa maisha, na kishawishi cha kukiondoa ili swichi janja zifanye kazi kisipewe nafasi hata kidogo.

Katika nyumba janja, chanzo cha kawaida ni nyutro ya kuazima. Fundi hakukuta nyutro kwenye boksi la swichi, lakini hatua moja kutoka hapo kuna soketi, akachukua nyutro ya soketi. Swichi inawaka, kila mtu anafurahi. Lakini kama soketi ziko chini ya RCD moja na taa chini ya nyingine, umeme wa swichi unatoka upande huu na kurudi upande ule, na vifaa vyote viwili vinahesabu upungufu. Swichi moja hula miliampea chache tu, hivyo siku ya kwanza haikati. Zikifungwa tano au sita kwa mtindo huohuo, zikajumlishwa na uvujaji mdogo wa kawaida wa friji na kompyuta, RCD inaanza kukata saa ambazo hakuna aliyegusa kitu. Nimewahi kuona familia ikilaumu friji mpya kwa wiki tatu kwa jambo hili.

Sura ya pili ya kosa hili ni taa ya ngazi za ghorofa, inayochukua laivu chini na nyutro juu. Hiyo haichelewi: taa ya wati 10 inavuta zaidi ya miliampea 40, na RCD inakata punde inapowashwa. Ukiona umeme unakatika kila taa fulani inapowashwa, anza hapo.

Kuitafuta nyutro ya kuazima kunahitaji subira. Fundi azime umeme, azitenganishe kwenye baa nyutro za kila sakiti, yaani kila njia ya umeme inayotoka kwenye meni swichi, kisha apime kati ya nyutro moja na nyingine. Mbili zinazoungana ilhali hazikupaswa kuungana zinaonyesha eneo la kosa, na kuanzia hapo maboksi ya eneo hilo yafunguliwe moja baada ya jingine. Nyutro ya kuazima huwa hatari pia siku ambayo fundi mwingine anazima sakiti ya soketi ili afanye kazi humo, kwa kuwa nyutro anayoiamini kuwa imekufa inaweza kuwa inarudisha umeme wa sakiti nyingine.

Kuna jambo baya kuliko hilo, nalo ni kutumia waya wa ethi kama nyutro. Swichi itawaka. Lakini ethi ikikatika mahali fulani, au nondo yake ikiwa imechimbiwa kwenye mchanga mkavu, miili ya friji, pasi na mashine ya kufulia inaweza kupata umeme. Ukikuta kazi ya namna hiyo, iondolewe siku hiyohiyo.

Swichi haikai sawa kwenye boksi, au inapata joto

Hapa maelezo ni mafupi. Maboksi mengi yanayofungwa yana kina cha milimita 25, ambacho kinatosha swichi ya kawaida lakini si swichi janja yenye mwili mnene na nyaya nne au tano nyuma yake. Nyaya zikikunjwa kwa nguvu, skrubu hulegea, na mahali palipolegea hupata joto. Agiza maboksi ya milimita 47, au 35 kwa uchache, kabla hayajajengewa ukutani. Angalia pia umbo: maboksi yetu ya mraba ya mtindo wa Uingereza hayapokei swichi za mstatili za mtindo wa Marekani wala zile za duara za Ulaya bara, na wengi wanaoagiza kutoka Uchina hugundua jambo hilo mzigo ukishafika.

Simu inaonyesha kifaa kiko nje ya mtandao

Kifaa kimoja kikipotea, tazama kifaa hicho. Vyote vya ghorofa ya juu vikipotea, tazama jengo. Slabu ya zege yenye nondo hupunguza sana mawimbi ya redio, na rauta iliyowekwa na wafungaji wa intaneti kwenye kona ya sebule, nyuma ya televisheni, mara nyingi inatakiwa kuhudumia chumba kilichoko juu ya slabu hiyo na upande wa pili wa kuta tatu za tofali. Jaribio ni rahisi: chukua simu, simama hasa mahali swichi ilipo, funga mlango, na usome nguvu ya waifai ukiwa kwenye mkondo wa 2.4 GHz, kwa sababu vifaa vingi vya nyumba janja havijui mkondo wa 5 GHz. Simu iliyoshika 5 GHz wakati wa kusajili kifaa kipya ni sababu ya kawaida ya usajili kugoma, na watu hurudisha dukani vifaa vizima kwa ajili hiyo.

Dawa ya nyumba iliyokwisha ni kuongeza vituo vya waifai. Dawa ya nyumba inayojengwa ni bora zaidi, nayo ni kulaza paipu tupu zenye waya wa kuvutia ndani yake kutoka sehemu moja ya katikati, iwe stoo au kabati la korido, hadi darini kwa kila ghorofa, nyuma ya kila televisheni, kwenye pembe zitakazofungwa kamera na kwenye geti. Zile zinazopita ndani ya slabu zilazwe kabla zege halijamwagwa, kwa maana baada ya hapo hakuna wa kuzilaza. Kebo za mtandao ziwe na paipu zake, zisichanganywe na nyaya za volti 230, na umbali wa kebo moja usizidi mita 100.

Kebo yenyewe ichunguzwe kabla ya kulipiwa. Sokoni kuna kebo zilizoandikwa Cat6 ambazo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya mmoja mwembamba kwa kisu: ukibaki na rangi ya shaba hadi ndani, ni shaba, ukigeuka mweupe wa fedha, ni alumini. Kebo ya namna hiyo inaweza kupitisha intaneti vizuri, kisha kamera inayolishwa umeme kupitia kebo hiyohiyo ikawa inazimika usiku, pale taa zake za kuonea gizani zinapowaka na kuhitaji umeme zaidi.

Kwa vifaa vinavyotumia Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vya nyumba janja, kuna mambo mawili ya kuongeza. Mtandao huo hujengwa kwa vifaa kupokezana ujumbe, lakini vinavyopokezana ni vile vinavyolishwa umeme wa ukutani muda wote. Vihisi vya betri havifanyi hivyo, na swichi zisizo na nyutro kwa kawaida nazo hazifanyi. Nyumba yenye vihisi 20 vya betri na kitovu kimoja, yaani kifaa kinachoviunganisha vyote, ni nyumba ambayo kila kihisi kinapiga kelele peke yake. Jambo la pili ni kwamba Zigbee inashiriki 2.4 GHz na waifai, hivyo kitovu kisikae juu ya rauta, wala kisifungiwe ndani ya kabati la chuma la meni swichi.

Umeme unaporudi saa nane usiku, taa zote zinawaka

Hili halina uhusiano na wayaringi, na marekebisho yake ni ya dakika moja. Swichi janja nyingi zina mpangilio unaoamua hali ya kifaa umeme unaporudi: kuwaka, kuzima, au kurejea hali ya mwisho. Chagua kurejea hali ya mwisho kwa taa, na kuzima kwa hita na pasi. Wale wanaotumia taa janja za kuzungusha kwenye holda, badala ya swichi janja, ndio wanaosumbuka zaidi, kwa kuwa taa nyingi za aina hiyo huja zikiwa zimepangwa kuwaka.

Kinachohitaji mipango ni kile kinachofuata baada ya umeme kukatika, iwe ni laini ya TANESCO au ni uniti za LUKU zimeisha. Rauta huchukua dakika kadhaa kuamka, swichi huamka kwa sekunde chache, hazioni mtandao, na baadhi hukata tamaa hadi zizimwe na kuwashwa tena. Betri ndogo ya volti 12 kwa ajili ya rauta na kitovu huondoa usumbufu huu karibu wote. Kwa nyumba itakayotumia inveta, meni swichi igawanywe tangu mwanzo: taa, rauta, kitovu, kamera na geti upande wa inveta, hita, jiko, pasi na viyoyozi upande wa pili, kila upande ukiwa na baa yake ya nyutro. Mgawanyo huo ukifanywa baada ya nyumba kukamilika, ndipo zile nyutro za kuazima zinapojitokeza tena, safari hii kwa taa kupepesa kila inveta inaposhika.

Dalili inayofanana na hiyo ni nyumba kugoma bando la intaneti linapoisha. Umeme upo, waifai ipo, lakini simu haiwashi taa, kwa sababu amri hutoka chumbani, husafiri hadi seva za mtengenezaji nje ya nchi, kisha hurudi. Chagua vifaa vinavyoweza kuamriwa ndani ya nyumba bila intaneti. Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumba janja kilichotolewa mwaka 2022, kimejengwa juu ya msingi huo, na mfumo wa Home Assistant ukiwekwa kwenye kompyuta ndogo hufanya kazi hiyo pia. Hata hivyo, sharti langu kwa kila nyumba ni kwamba kila taa iwake kwa kubonyeza ukutani, bila simu na bila intaneti. Bibi aliyekuja kutoka kijijini asihitaji kuomba neno la siri ili aende msalani.

Pampu au hita haizimi ingawa simu inasema imezimwa

Ndani ya swichi janja kuna relei, swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, na vidomo vyake vinaweza kuyeyuka na kushikana. Ampea 10 au 16 zilizoandikwa kwenye kifaa ni za mzigo mtulivu. Mota ya pampu, inapoanza kuzunguka, inaweza kuvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida, na hita ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 inavuta takriban ampea 24 muda wote inapofanya kazi. Pampu inayoshindwa kuzima itafurisha simtanki. Hita inayoshindwa kuzima ni jambo la moto. Kifaa janja kisibebe mzigo huo, bali kiamrishe kontakta, aina ya relei kubwa, yenye uwezo unaostahili, nayo ndiyo ikate umeme wa pampu. Wakati wa ujenzi iachwe nafasi ya kontakta ndani ya meni swichi, na uvutwe waya wa amri kutoka hapo hadi kwenye floti ya simtanki.

Kitasa cha umeme cha geti hakifunguki, au kamera ya geti inajizima

Pima volti palepale kwenye kitasa wakati kinapoamriwa kufunguka. Kupima kikiwa kimetulia hakusaidii, kwa sababu kikiwa kimetulia utasoma volti 12 kamili na kudhani kila kitu ni kizima. Tuchukue geti lililo mita 40 kutoka kwenye nyumba, likilishwa kwa waya mwembamba wa milimita ya mraba 0.5. Umeme unakwenda mita 40 na kurudi mita 40, na mita hizo 80 za shaba zina ukinzani wa takriban omu 2.8, hivyo kitasa kinachovuta ampea moja kinapoteza volti 2.8 njiani, kikabaki na 9.2. Waya wa 1.5 ungepoteza pungufu ya volti moja. Njia nyingine ni kupeleka umeme kwa kebo ya mtandao, ambao husafiri kwa takriban volti 48 na kwa hiyo hupotea kidogo tu njiani, jambo linalofaa sana kwa kamera na kengele ya mlangoni.

Ikiwa volti ni sawa, fungua boksi la mota ya geti na utazame kwa tochi. Mara nyingi nimekuta sisimizi wamejaa kwenye saketi, wamefuata joto, na miili yao imeziba vidomo vya relei. Mara nyingine ni mjusi aliyekaukia juu ya bodi. Mdudu huingia kupitia mdomo wa paipu inayotoka ardhini, kwa hiyo midomo hiyo izibwe kwa silikoni baada ya nyaya kupita. Kwa nyumba za pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, ongeza chumvi ya hewani: viungio vya nje vikifungwa bila kuzibwa huota kutu ya kijani, na dalili yake ni kifaa kinachofanya kazi mchana na kugoma alfajiri yenye umande.

Fundi anahitaji kuongeza waya na hakuna anayejua paipu zilipo

Kila marekebisho yaliyotajwa hapo juu yanakwama hapa. Kabla ya plasta, siku ambayo paipu zote zimekaa ukutani na maboksi yamejazwa karatasi za mifuko ya saruji ili chokaa isiingie, piga picha kila ukuta ukiwa umeegemeza futikamba iliyonyooshwa toka sakafuni na nyingine toka kona, ili vipimo visomeke ndani ya picha. Andika jina la chumba kwa chaki ukutani kabla ya kupiga. Fanya vivyo hivyo kwa slabu kabla zege halijamwagwa, ukisimama juu ya nondo na kupiga kuelekea chini. Kisha vuta kila waya wa kuvutia kwa mkono, paipu kwa paipu, maana paipu iliyokanyagwa na toroli la zege huonekana nzima kwa nje, na siku hiyo bado inaweza kubadilishwa. Picha zihifadhiwe sehemu mbili, na orodha ya sakiti pamoja na nyutro zake ichapwe na kubandikwa ndani ya mlango wa meni swichi, mahali ambapo fundi atakayeitwa baada ya miaka kumi ataikuta hata kama nyumba imekwisha kuuzwa.